Kongo Iliyopigiwa Kura

Novemba 15, 2017, kituo cha USA Network cha Marekani kilirusha sehemu ya sita ya msimu wa tatu wa Mr. Robot, mfululizo wa kusisimua unaomfuata Elliot Alderson, kijana mdukuzi wa New York. Sehemu hiyo imepewa jina kama la faili la kompyuta, eps3.5_kill-process.inc, na kiini chake kimo ndani ya jengo moja tu. Humo shirika kubwa liitwalo E Corp linakusanya upya karatasi za madeni ya Wamarekani, kwa kuwa kumbukumbu za kwenye kompyuta zilikwisha kuharibiwa katika shambulio la Mei 9 ambalo Elliot mwenyewe alilipanga na wenzake. Sasa kundi la wadukuzi liitwalo Dark Army linataka kulilipua jengo, karatasi ziteketee pia. Hawahitaji baruti. Wanaingilia programu inayoendesha betri za akiba za jengo hilo, betri zitoe haidrojeni, gesi ijae chumbani, kisha cheche moja itamaliza kazi.

Elliot anajua, naye anakimbia kuzuia. Anayemzuia njiani ni yeye mwenyewe. Nafsi yake ya pili, Mr. Robot, mwenye sura ya baba yake marehemu, ndiye anayetaka jengo lilipuke, kwa hiyo mwili mmoja unagombaniwa na watu wawili kwenye ngazi na makorido. Mwishoni nafsi hizo mbili zinaelewana. Jengo linasalimika, waliomo wanapona, na Elliot anatoka nje akihema. Hapo anakuta watu wameduwaa mbele ya televisheni. Majengo mengine 71 ya E Corp, yaliyotapakaa Marekani nzima, yamelipuliwa kwa pamoja. Na aliyezitawanya karatasi katika majengo hayo 71 ni Elliot, hapo kabla, ili zisirundikane mahali pamoja zikawa shabaha rahisi. Kinga yake ndiyo iliyozaa mauaji.

Nimeitazama migeuko mingi ya visa vya televisheni, na huu nauweka juu kabisa. Mr. Robot ilikuwa nayo mingine iliyovuma zaidi. Agosti 2015, katika msimu wa kwanza, tuliambiwa kwamba Darlene, msichana aliyekuwa akishirikiana na Elliot, ni dada yake wa damu, na kwamba Mr. Robot ni baba yao aliyekufa zamani. Agosti 2016 tuligundua kwamba Elliot, aliyeonekana kukaa kwa mama yake na kula katika mgahawa uleule kila siku, alikuwa gerezani. Migeuko hiyo ni ya ustadi, lakini yote inategemea Elliot kutuficha. Yeye ndiye msimulizi, anatusemesha kama rafiki, na rafiki huyo ametunyima nusu ya habari. Huu wa majengo 71 ni tofauti. Hakuna tulichofichwa. Tulimwona akiielekeza mizigo ile kwingine, tukafurahi pamoja naye. Kisa kinapogeuka, kinatugeuza sisi: kinatuonyesha kwamba tulikuwa tumeangalia jengo moja kwa sababu tu kamera ilikuwa imesimama pale.

Sam Esmail, aliyeubuni mfululizo huu, ni Mmarekani mwenye wazazi kutoka Misri, na amesema mara kadhaa kwamba vuguvugu la vijana wa nchi za Kiarabu la mwaka 2011 lilichangia kuzaliwa kwa hadithi yake. Aliwaajiri watu waliofanya kazi ya usalama wa mitandao ili kila amri inayoandikwa kwenye skrini iwe ya kweli, jambo ambalo filamu za wadukuzi zilikuwa hazijazoea. Rami Malek, aliyeigiza Elliot, alipata tuzo ya Emmy mwaka 2016. Ni kazi iliyofanywa kwa heshima kubwa kwa mtazamaji. Ndiyo maana jambo moja katika msimu huohuo wa tatu linaniuma.

Jambo hilo ni Kongo. Kiongozi wa siri wa Dark Army, Whiterose, hadharani ni Zhang, waziri wa serikali ya China, akiigizwa na B. D. Wong. Anataka China iitwae Kongo. Anambana mkuu wa E Corp amsaidie, Umoja wa Mataifa unaletewa suala hilo lipigiwe kura, na mradi wake wa siri, mashine kubwa iliyofichwa katika kinu cha nyuklia huko New Jersey, unaandaliwa kusafirishwa kwenda Kongo. Safari hiyo ya mashine inaendelea kutajwa hadi msimu wa nne na wa mwisho, uliokamilika Desemba 2019. Nchi yenye watu wengi kuliko Ufaransa inagawiwa katika mazungumzo ya dakika chache, wenye suti wakiinamiana masikioni. Hakuna Mkongo anayezungumza. Hakuna mlima, mto wala soko. Kongo ni anwani iliyobandikwa juu ya kontena.

Mtazamaji wa New York au London hupita hapo bila kusita, maana akili yake iko kwa Elliot. Mtazamaji wa Kamembe hawezi. Kamembe ni mji mkuu wa wilaya ya Rusizi, kusini magharibi kabisa mwa Rwanda, sehemu ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa mkoa wa Cyangugu na ambayo wazee bado wanaiita hivyo. Ukishuka kutoka Kamembe kuelekea Cyangugu ya zamani, ile ya majumba ya wakoloni na bohari za ufukweni, unaufikia mpaka pale ziwa Kivu linapomimina maji yake kuanza mto Rusizi. Ng'ambo ni Bukavu. Nyumba zake zinahesabika kwa macho. Usiku taa zake zinaonekana kutoka upande huu kama za mtaa wa pili, na umeme unaoziwasha taa za pande zote mbili unatoka kwenye mto uleule: bwawa la kwanza lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na la pili, lililoanza kazi mwaka 1989, ni mali ya pamoja ya Rwanda, Burundi na Kongo. Asubuhi, siku za amani, akina mama wa Rusizi huvuka daraja na nyanya, maziwa, mboga na nyama, na jioni hurudi na vitenge na pesa. Kiswahili ndicho kinachowauzia. Kamembe na Bugarama zina mitaa ya Waswahili tangu enzi za wakoloni, na tangu 2017, Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lugha ya soko lile imeingia pia katika vitabu vya serikali.

Mtu wa hapa akimwona waziri kwenye televisheni akiomba apewe Kongo, haoni njozi ya mwandishi wa filamu. Mpaka anaouvuka mama yake ulichorwa hivyohivyo. Mwaka 1910, mjini Brussels, wajumbe wa Ujerumani, Ubelgiji na Uingereza walikaa mezani wakamaliza ugomvi wao wa miaka mingi juu ya ziwa Kivu. Mstari ukafuata mto Rusizi na kuvuka ziwa, kisiwa cha Idjwi kikaangukia upande wa Kongo, na ndugu waliokuwa wakitembeleana kwa mitumbwi wakaamka wakiwa raia wa himaya mbili. Miaka 25 kabla yake Kongo nzima ilikuwa imeshatambuliwa na mataifa makubwa kuwa mali ya mtu mmoja, mfalme Leopold wa Pili. Hawa nao hawakumwita Mkongo hata mmoja mezani.

Wala hatuhitaji kurudi mbali hivyo. Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Bukavu, na watu wa Rusizi waliyasikia hayo kwa masikio yao wenyewe, si kwa redio. Juni 27 mwaka huohuo mawaziri wa mambo ya nje wa Rwanda na Kongo walitia saini makubaliano ya amani mjini Washington, na suala la madini lilikuwamo katika mpango huo tangu mwanzo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekuwa wakiandika katika ripoti zao kwamba koltani ya Rubaya, huko Masisi, inavushwa kwa magendo na kuingia Rwanda. Serikali ya Rwanda imekuwa ikizikanusha tuhuma hizo. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu ya dunia.

Na tantalamu ndiyo inayomrudisha Elliot mezani kwetu. Ni metali inayosafishwa kutoka kwenye koltani, na kazi yake kubwa ni kutengenezea kapasita, vile vidude vidogo kuliko punje ya mchele vinavyotunza chaji na kuitoa kwa mpangilio ndani ya simu na kompyuta. Sifa yake ni kubeba chaji nyingi katika nafasi ndogo bila kuharibiwa na joto. Mwaka 2000, simu za mkononi na mashine za michezo zilipoanza kununuliwa kwa fujo, bei ya tantalamu ilipaa, na vijana wa Kivu wakayaacha mashamba na ng'ombe wakashika sururu. Kazi ilikuwa, na bado ni, kuchimba udongo mwekundu kwa mikono, kuusafisha kwenye maji yatiririkayo, kuchekecha mchanga mweusi ukabaki, kuufunga kwenye magunia na kuyabeba mgongoni hadi kwa mnunuzi. Kuanzia 2010, Marekani ilipopitisha sheria inayoyataka makampuni yake yaeleze kama madini yao yanatoka maeneo ya vita, magunia yalianza kufungwa vitambulisho vya plastiki vyenye namba. Baadhi ya vitambulisho hivyo vimeripotiwa kuuzwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Elliot anaandika amri zake kwenye mashine ambayo pengine ina mchanga wa Masisi ndani. Dark Army nao vilevile. Hadithi nzima ya vita vya kompyuta inasimama juu ya udongo huo, na waandishi wake walijua, angalau kwa mbali, kwamba kuna kitu Kongo ambacho wenye nguvu wa dunia wanakihitaji. Walikuwa na mgeuko mkubwa kuliko ule wa majengo 71 mikononi mwao. Kamera ingeinuliwa mara moja tu kutoka kwenye lile kontena, ingeona nani yuko upande wa pili. Haikuinuliwa.

Ikainuliwa na watu wengine, huku kwetu. Julai 2021, katika tamasha la Cannes, kwenye jukwaa la Wiki Mbili za Waongozaji, ilionyeshwa filamu inayoitwa Neptune Frost, iliyoongozwa na Anisia Uzeyman, Mnyarwanda, pamoja na Saul Williams, mwanamuziki na mshairi wa Marekani. Uzeyman ndiye aliyeshika kamera pia. Ilikuwa imekusudiwa kupigwa picha Burundi, kwa kuwa kisa chake ni cha huko. Williams alikwisha kutoa albamu mwaka 2016 juu ya mdukuzi anayeishi Burundi. Machafuko ya mwaka 2015 yakaufunga mlango huo. Filamu ikapigwa Rwanda mwaka 2020, na baadhi ya waliocheza ndani yake ni Warundi ambao machafuko hayohayo yaliwahamisha. Wanazungumza na kuimba kwa Kinyarwanda, Kirundi, Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza, wakihama lugha katikati ya maneno kama watu wa mpakani wanavyofanya kila siku.

Inaanza mgodini. Kijana anayeitwa Tekno anasimama kidogo, ameliinua juu jiwe la koltani akilitazama, na msimamizi anamuua kwa kosa hilo la kusimama. Ngoma za wachimbaji hazikatiki. Ndugu yake Matalusa, anayeigizwa na mwanamuziki wa Burundi Bertrand Ninteretse, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Kaya Free, anamzika na kuondoka. Upande mwingine kuna Neptune, mtu aliyezaliwa na jinsia mbili, anayekimbia kijiji na dhuluma zake. Waigizaji wawili wanapokezana kumwigiza, Elvis Ngabo kwanza, kisha Cheryl Isheja. Wote wawili wanaifikia kambi iliyofichika milimani, iliyojengwa kwa mabaki ya kompyuta, na humo kuna wanafunzi waliofukuzwa, wachimbaji waliotoroka, na Memory, mwanamke anayeigizwa na Eliane Umuhire. Wakutanapo Neptune na Matalusa, umeme unapita, skrini zilizokufa zinawaka, na kutoka kwenye kilima hicho kisicho hata kwenye ramani wanaingia katika mitandao ya dunia nzima.

Huu ni mgeuko wa aina ninayoipenda, ile isiyoficha kitu. Miaka yote tumezoeshwa kwamba mdukuzi ni kijana mweupe ndani ya koti lenye kofia, na mchimbaji ni picha ya kuhurumiwa katika kampeni ya msaada. Neptune Frost inasema ni mtu mmoja. Aliyelitoa jiwe ardhini ana haki ya kwanza na ufunguo wa kwanza wa kila kitu kilichotengenezwa kwa jiwe hilo. Ukishaiona hoja hiyo ikiimbwa, huwezi tena kuangalia kontena la Whiterose bila kutafuta mikono iliyolijaza. Mwisho wa filamu siusemi hapa, kwa kuwa wasomaji wengi hawajaitazama na wanastahili kuufikia wenyewe. Nitasema tu kwamba waliopo juu wanajibu kwa droni.

Kuna jina moja katika orodha ya watengenezaji wa filamu hii ambalo watu wa Rusizi wangepaswa kulijua kama wanavyowajua wachezaji mpira wao. Ni Cedric Mizero, aliyezaliwa mwaka 1993 na kukulia Gishoma, kijijini, ndani ya wilaya hiihii. Ndiye aliyebuni mavazi. Hakupitia chuo cha mitindo. Kabla ya filamu alikuwa akitengeneza nguo na sanaa akiwatazama wanawake wa vijijini, wakulima, watu ambao majarida ya mitindo hayawaoni, na mwaka 2019 aliiwakilisha Rwanda katika maonyesho ya kimataifa ya mitindo yaliyofanyika Somerset House, London. Kwenye Neptune Frost aliwavika waigizaji nyaya, vibonye vya kinanda cha kompyuta, vipande vya bodi za saketi, vitu ambavyo kwa kawaida hurudi Afrika vikiwa taka. Nyaya zinasukwa nyweleni. Vibonye vinashonwa vazini kama shanga. Mtu anavaa uso mzima uliochorwa kwa waya unaong'aa.

Natumia muda kwa Mizero kwa sababu mavazi yake ndiyo hoja ya filamu kwa ufupi. Koltani inaondoka kwenye milima hii ikiwa mchanga, inakwenda viwandani Asia, inauzwa duniani ikiwa simu, na baada ya miaka michache inarudi ikiwa chakavu. Kijana wa Gishoma ameichukua ile chakavu akaivisha tena miili ya watu wa mlima. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kuufunga mduara huo kwa nguvu kama hiyo. Wakosoaji wa nje walisifu sana mavazi hayo kwa uzuri na ugeni wake. Kwa anayetoka hapa hayana ugeni wowote: ni mali iliyorudi nyumbani katika sura nyingine, na fundi aliyeitambua.

Udukuzi wa kweli wa ukanda huu, hata hivyo, hauna mashairi kama ya kambi ile. Mwishoni mwa 2019 Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, iliwakamata watu 12, Wakenya 8, Wanyarwanda 3 na Mganda 1, kwa tuhuma za kutaka kuingia katika mfumo wa Equity Bank jijini Kigali na kuiba fedha. Mwaka 2021 mahakama iliwahukumu kifungo cha miaka 8. Na Rusizi yenyewe ina jina lake katika habari hizi, jina linalowaumiza wakazi wengi. Matapeli wa simu wa Rwanda wanaitwa abameni, na RIB imezitaja mara nyingi sehemu za wilaya hii kuwa chimbuko lao, ikawaonyesha waandishi wa habari makundi ya vijana waliokamatwa. Hawaandiki programu yoyote. Wanapiga simu. Mmoja ni wakala wa kampuni ya simu anayetaka kukusaidia kurekebisha laini yako, mwingine amekosea namba na pesa yake imeingia kwako, mwingine ana habari kwamba mtoto wako ameanguka shuleni. Ukifuata maelekezo, ukibonyeza namba anazokutajia, salio limekwisha. Wasomaji wa Tanzania wanawajua ndugu zao wa ule ujumbe maarufu wa kutaka pesa itumwe kwenye namba nyingine.

Wapo watakaosema huo si udukuzi. Mr. Robot yenyewe inawapinga. Katika sehemu ya kwanza kabisa, Elliot anapotaka kumchunguza mwanamume aliyemtilia shaka, anachukua simu na kujifanya mtu wa benki. Anauliza maswali machache ya usalama kwa sauti ya upole, na mtu yule anajieleza mwenyewe: anapoishi, anachokipenda, jina la mnyama wake. Nywila inapatikana bila jasho. Washauri wa mfululizo walijua kwamba mlango dhaifu kuliko yote ni imani ya mtu kwa sauti inayomwita kwa heshima. Kijana wa kilimani aliyeligundua hilo bila kompyuta si mjinga hata kidogo, na hapo ndipo uchungu ulipo. Akili ileile, ujasiri uleule wa kuigiza mtu mwingine kwa dakika kumi mfululizo, vimekwenda kumnyang'anya bibi kizee wa Huye akiba ya maharage yake. Aibu hiyo ni ya wanaoifanya. Si haki kuibandika kwa wilaya yenye wakulima wa mpunga wa Bugarama, wavuvi wa Nkombo na wachumaji wa chai wa Shagasha. Lakini mwandishi wa kwetu akitaka kuandika mfululizo wake wa wadukuzi, asiende kutafuta koti lenye kofia New York. Aketi na simu hiyo, na sauti mbili zilizo kwenye ncha zake, na kisa kitajigeuza chenyewe.

Tunao pia watu ambao wangeweza kuzifikisha hadithi hizi kwa kila nyumba. Rwanda ina sanaa yake ya agasobanuye, filamu za kigeni zinazosimuliwa upya kwa Kinyarwanda na mtu mmoja anayezungumza juu ya sauti za waigizaji. Yanga, aliyefariki mwaka 2022, aliifanya ipendwe nchi nzima. Junior Giti, mdogo wake, na Rocky wameiendeleza. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake, Watanzania waliokaa vibanda umiza hawajamsahau Lufufu. Katika miji ya Rwanda mtu huenda na flashi kwenye duka la kunakili, akaondoka na msimu mzima uliokwisha kusimuliwa. Msimulizi wa namna hii hatafsiri maneno tu. Anaeleza kwa nini mtu amekasirika, anawapa waigizaji majina ya mtaani, anaongeza methali, anaonya, anacheka. Kwa wengi wetu sauti yake ndiyo filamu.

Nimekuwa nikifikiri jinsi msimulizi kama huyo angeushika mgeuko wa Mr. Robot. Kazi yake ni ngumu kuliko ya mwandishi, kwa maana ameshaona mwisho na wasikilizaji wanamwamini. Inambidi atamke maneno ya Elliot, mwongo anayetuita rafiki, kwa sauti ileile anayoitumia kusema ukweli, wala asiteleze. Katika ile sehemu ya majengo 71 inambidi atuache tushangilie jengo moja lililopona huku yeye anajua. Wazuri wao wanaweza. Kuisimamia siri ya kisa kwa saa nzima, kwa mdomo tu, bila karatasi, ni ustadi ambao tuzo za filamu za Afrika Mashariki zingepaswa kuutambua.

Na msimulizi ana uwezo mmoja ambao Sam Esmail hakuutumia. Anaruhusiwa kuongeza neno. Atakapofika pale Zhang anapoitaka Kongo na mabwana wenye suti wanapokubaliana, hakuna anayemlazimisha akimbie na picha. Anaweza kuwaambia watu wa Kamembe na wa Bugarama waiangalie vizuri sekunde hiyo, kwamba nchi inayopigiwa kura ndiyo ile iliyo ng'ambo ya daraja, kwamba ina Bukavu na Idjwi na Rubaya, na kwamba wanaowauzia nyanya kila asubuhi hawakuulizwa. Itamchukua nusu dakika. Ninawaomba wasimulizi wetu waifanye, na yeyote anayepanga maonyesho ya filamu Rusizi ailete Neptune Frost jioni inayofuata, mavazi ya Mizero yapite kwenye skrini mbele ya watu wa Gishoma.